Andikeni Majina ya Walioibeba Bandari

Ulyankulu haina bahari. Haina ziwa, haina gati, haina winchi ya kushusha shehena. Tuna msitu wa miombo, mabani ya tumbaku, mizinga ya nyuki na mchanga unaomeza magurudumu ya baiskeli kila kiangazi. Lakini siku moja mwaka huu nilikaa kwenye kibanda cha chai karibu na stendi, nikatazama bandari karibu saa nzima.

Kijana mmoja alikuwa nayo kwenye simu: Kigoma ya enzi za Wajerumani. Ghuba imetulia, reli mpya imeshuka hadi ukingoni mwa maji, na nyuma yake vilima vina nyumba za kuhesabika. Alirushiwa na rafiki yake, ambaye naye alirushiwa na mwingine. Simu ikazunguka meza. "Cheki mji ulivyokuwa msafi," akasema mmoja. "Hakuna vibanda, hakuna kelele. Wale jamaa walijua kujenga." Wenzake wakaitikia.

Mzee aliyekaa benchi la pembeni akaomba aione. Kijana akamshikia, akaikuza picha kwa vidole viwili. Mzee hakuitazama stesheni wala ziwa. Aliomba ashushiwe chini, kwenye kona ambayo sote tulikuwa tumeipita, walipokuwa wanaume wanne wamebeba mizigo mirefu inayoning'inia kwenye miti, wawili kwa kila mti. "Huo ni mzigaziga," alisema. "Babu yangu alituonyesha unavyofungwa. Huyu wa nyuma bega limemchoka, tazama shingo." Kisha akatuuliza: "Wanaitwa nani?"

Tukamwonyesha maandishi ya chini. Yalikuwa ya Kijerumani, na mbele yake namba. Mzee akairudisha simu. "Namba si jina," alisema, akashika tena kikombe chake.

Tangu siku hiyo sijatulia, na sitaki msomaji wangu atulie. Picha za kale za bandari zetu, hizi tunazorushiana kila siku, za Zanzibar, Bagamoyo, Dar es Salaam, Tanga, Mwanza na Kigoma, zimejaa watu wetu, nasi tumeridhika wabaki bila majina. Mgeni aliyezipiga alikuwa na sababu zake za kutowauliza. Sisi hatuna hata moja. Kosa lililoanzia kwake sasa ni letu, na kila tunapoituma picha ileile bila kuuliza swali la yule mzee, tunalitenda upya.

Anayedhani bandari hujengwa kwa mawe na saruji peke yake hajui kazi ya bandari. Bandari ni mzigo. Pasipo kinachoshuka kutoka bara, gati ni ukuta tu unaopigwa na mawimbi. Na katika karne ya 19, mzigo ulioitajirisha Zanzibar na kuipa Bagamoyo jina ulishuka kwa bega la Mnyamwezi, na pia kwa shingo ya mtumwa aliyefungwa mnyororo. Yote mawili ni kweli na yote mawili tuyaseme, pamoja na ukweli mchungu kwamba hata watemi wetu na wafanyabiashara wetu walikuwa na watumwa wao.

Pembe za ndovu kutoka Manyema na kwingineko magharibi zilipita Tabora, kisha zikabebwa takriban kilomita 800 hadi pwani, mwendo wa miezi miwili au mitatu. Mzigo wa kawaida wa pagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee, mbali na mkeka wake, chungu chake na posho yake. Pembe kubwa mno ilifungwa mzigaziga na kubebwa na wawili. Makumi ya maelfu ya watu walishuka na kupanda njia ile kila mwaka, na kijana wa Kinyamwezi ambaye hajaiona pwani alihesabiwa kuwa bado hajakomaa. Kutoka Zanzibar pembe zilivuka kwenda Bombay, London na hadi jimbo la Connecticut kule Marekani, zikachongwa vibonyezo vya piano. Watoto wa matajiri wakajifunza muziki juu ya jasho lililodondoka kwenye mchanga wetu.

Wala Ulyankulu haikukaa pembeni ikitazama misafara ikipita. Mwaka 1871, Waarabu wa Tabora walipokwenda kumpiga mtemi Mirambo, na Henry Morton Stanley akiwa upande wao, ngome waliyoishambulia imeandikwa katika kitabu chake kwa jina la Wilyankuru. Litamke jina hilo kwa sauti kisha uniambie umesikia wapi. Waliiteka, wakabeba pembe na mateka, na walipokuwa wakirudi na nyara zao Mirambo akawavizia njiani akawavunja. Mirambo alilielewa jambo ambalo wengi wetu tumelisahau: aliyeishika njia ya bara ameishika bandari kwenye koo. Alipoibana njia, Zanzibar ilitikisika hadi Sultani Barghash akatuma askari waje Unyanyembe, penye Tabora. Mtu wa huku porini aliweza kumkosesha usingizi mwenye kasri ufukweni. Kisha mnaniambia picha za bandari hazituhusu?

Sasa mtazame jinsi kamera ilivyotutendea. Mwaka 1860 msafiri James Grant alifika Zanzibar na kamera yake, akaupiga picha mji, na picha zake ni miongoni mwa za kwanza kabisa kupigwa kisiwani. Alipoanza safari ya bara pamoja na mwenzake Speke, joto la ndani ya hema likamshinda kusafishia picha, akaiweka kamera kando na kushika penseli. Walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1861, naye akichora kwa mkono. Kisa hiki ni kidogo, lakini ndani yake mna historia nzima ya picha zetu. Kwa miaka mingi kamera ilisimama pwani ikimsubiri pagazi afike. Ilimnasa akitua mzigo. Haikumwona akiagana na mama yake, haikumwona akicheza ngoma usiku wa kuamkia safari, haikuuona mji wake wala shamba lake. Ndiyo maana kwenye picha hizi tunamwona daima mwisho wa safari, ameinama, amechoka, kazingirwa na mizigo. Mtu akionyeshwa hivyo mara elfu, wanaomtazama huishia kuamini kwamba alizaliwa pale gatini, gunia likiwa begani.

Mwenye mali hakuonyeshwa hivyo. Sura ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, tunaijua vizuri: ameketi studio Zanzibar, kilemba kichwani, jambia kiunoni, na jina lake kamili limehifadhiwa. Sina kinyongo na picha yake. Ninauliza tu walipo waliozibeba pembe zake.

Na asiniambie mtu kwamba zamani hizo majina yasingeweza kuandikwa. Yaliandikwa, pale walipotaka. David Livingstone alipofariki Mei 1873 kule Chitambo, watu wake waliubeba mwili wake, wakapita nao Unyanyembe Oktoba mwaka huohuo, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Uingereza ikawajua. Chuma na Susi, wawili kati yao, wakaalikwa huko na kupigwa picha. Mwenzao Jacob Wainwright akapigwa picha karibu na jeneza. Chama cha wanajiografia cha Uingereza kikatengenezesha medali 60 kwa ajili ya waliokuwa kwenye msafara ule, zikiwa na majina yao. Majina 60 ya wapagazi, mnasikia? Yalipatikana kwa sababu safari hiyo mzigo ulikuwa maiti ya Mzungu. Walipokuwa wamebeba pembe, nguo, chumvi, shanga na risasi, waliitwa "wapagazi" tu, na sentensi ikaishia hapo.

Waswahili wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tumefanya vibaya zaidi: tumeutazama mzigo wa babu zetu wenyewe kama kanda la usufi.

Nirudi kwa wale vijana wa kibanda cha chai, maana wao si wabaya. Wamefundishwa kutazama vibaya. Wanaposema "mji ulikuwa msafi," nawaomba wajiulize ulisafishwaje. Dar es Salaam ya kwenye picha za Wajerumani, yenye barabara pana ya ufukweni, miti iliyopandwa kwa mstari na nyumba nyeupe zenye varanda, ilikuwa chini ya amri ya ujenzi ya mwaka 1891 iliyotaka majumba ya Kizungu peke yake upande wa bahari. Nyumba ya udongo na makuti ilisukumwa nyuma. Waingereza walipochukua nchi wakaugawa mji kwa kanda: ya kwanza ya Wazungu, ya pili ya biashara, ambako Wahindi walikuwa wengi, ya tatu ya Waafrika. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini: majina haya tumeyarithi tukayaona ya kawaida, kumbe ni mistari ya rula ya serikali. Ufukwe ulionekana mtulivu kwa sababu mwenye nchi alikatazwa kukaa hapo. Anayeusifu utulivu huo anasifu kufukuzwa kwa bibi yake.

Na walikofukuziwa ndiko uhai wa mji ulikokwenda. Soko kubwa kuliko yote nchini linaitwa Kariakoo, neno lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, kilichokuwa na kambi mahali pale. Taifa zima linanunua kitenge, simu na dagaa ndani ya jina la wapagazi, na wengi hawajui. Lakini sanamu iliyosimamishwa katikati ya jiji mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Aliyekibeba chakula cha huyo askari, aliyezibeba risasi zake, aliyekufa kwa kuhara na njaa porini huku jeshi likisonga mbele, hakusimamishwa hapo juu.

Kigoma nayo ni hivyohivyo. Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914. Ujiji, mji wa kale wa misafara, ukaachwa kando kwa kuwa ghuba ya Kigoma ilikuwa na kina kizuri zaidi kwa meli. Meli iliyoitwa Graf von Goetzen, ambayo leo ni MV Liemba, ililetwa vipandevipande kutoka Papenburg, Ujerumani, katika masanduku yapatayo 5,000, ikaunganishwa hapo na kushushwa majini mwaka 1915. Tunalijua jina la kiwanda kilichoiunda. Tunalijua jina la gavana aliyepewa heshima ya meli hiyo kuitwa kwa jina lake. Tunajua Wajerumani waliizamisha lini, Julai 1916, na lini Waingereza waliirudisha kazini, 1927. Mtu mmoja, mmoja tu, aliyelishusha sanduku moja kati ya yale 5,000 kutoka kwenye behewa, nani anaweza kunitajia?

Hao walioshusha masanduku nao walihitaji pa kulala. Tazama vilima vya Kigoma leo, kuanzia Mwanga hadi Bangwe, vilivyojaa nyumba zinazotazama ziwa. Wapo wanaolinganisha picha mbili, ya zamani na ya sasa, wakalia kwamba mji umeharibika. Mifereji ichimbwe, barabara zipandishwe, mmomonyoko uzuiwe. Hayo ni madai ya haki na nayaunga mkono. Lakini kilima kitupu cha mwaka 1914 hakikuwa kizuri kuliko kilima hiki chenye watu. Kilikuwa kimehifadhiwa kwa ajili ya wachache. Miongoni mwa wanaokaa huko leo wamo wajukuu wa waliobeba, na wana haki ya kuliona ziwa wanapofungua madirisha yao.

Sisi wa Ulyankulu tunaijua namba kuliko wengi. Vijana wa magharibi ya nchi hii walipopelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakiandikishwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa 1944, waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Walitoka Unyamwezi, Buha na ng'ambo ya mpaka, Ruanda na Urundi. Mkonge walioukata uliifanya bandari ya Tanga iwe bandari, na kufikia miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Tazama picha ya gati la Tanga lenye marobota ya mkonge: kila robota lina alama ya shamba lilikotoka. Marobota yalikuwa na utambulisho zaidi kuliko watu.

Kisha ukaja mwaka 1972. Watu waliokimbia mauaji ya Burundi walivuka mpaka, wengine kwa mitumbwi ziwani, na wengi wao wakaletwa hapa Ulyankulu, kwenye makazi yaliyofunguliwa mwaka huohuo. Walikatiwa msitu na vijiji vyao vikapewa namba za barabara. Hadi leo mtu akikuuliza unakaa wapi unajibu kwa namba, na kwaya iliyotoka Barabara ya 13 ikaifanya namba hiyo isikike kwenye redio za nchi nzima. Wageni wa misaada walikuja na kamera zao. Walipiga foleni za mahindi, watoto, mahema, wanawake na majembe. Chini ya picha waliandika "wakimbizi." Mwaka 2010 serikali iliamua kuwapa uraia zaidi ya 162,000 wa kundi hilo katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na vyeti vikaanza kutolewa miaka minne baadaye. Kwenye cheti kuna jina. Kwenye picha bado ni mkimbizi. Mama aliyekuwa msichana kwenye ile foleni yupo hai, analima tumbaku na karanga, anaweza kukuambia aliyesimama mbele yake alikuwa nani na aliolewa wapi. Nani amemfuata na picha ile mkononi?

Hapa ndipo hasira yangu inapogeuka kutoka ughaibuni na kuja nyumbani. Tumezoea kulalamika kwamba picha zetu zimefungiwa Ulaya. Malalamiko hayo yana ukweli, na madai ya kurudishiwa vyetu ni ya haki. Lakini kwa picha, sehemu kubwa ya mlango imeachwa wazi na sisi hatujaingia. Mwaka 2008 hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, iliyoko Koblenz, ilitoa kwenye intaneti picha zinazokaribia 100,000 kwa matumizi ya umma, na ndani yake zimo za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyefanya kazi Dar es Salaam enzi za ukoloni, zikiwa na alama ya 105-DOA, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani. Maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt ina hazina ya picha za kikoloni zipatazo 55,000, inayotafutika kwa kompyuta. Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani kina mkusanyiko wa Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki, nao umewekwa mtandaoni. Kijana wa Ulyankulu mwenye bando la siku moja anaweza kuifungua Bagamoyo ya miaka ya 1890 akiwa amekaa kwenye mzizi wa mwembe.

Picha tunazo. Kinachokosekana ni majina, na majina hayako Koblenz wala Frankfurt. Hakuna profesa wa huko atakayeyapata hata akichimba miaka 100. Majina yako hapa: kwenye nyumba za Ulyankulu, Urambo, Usoke, Kaliua, Usinge, Uvinza na Ujiji, kwa wazee wanaojua babu yao alishuka lini, alifanya kazi kwa msimamizi gani, alirudi na nini au hakurudi. Najua hakuna aliye hai leo anayeweza kuzitambua sura zote za mwaka 1914. Lakini yuko anayetambua fundo la kamba. Yuko anayetambua chale za ukoo, mtindo wa kusuka nywele, jinsi mzigo unavyofungwa. Nimemwona kwa macho yangu akifanya hivyo kwa simu ya kuazima. Na picha za miaka ya 1950, 60 na 70 zina mashahidi wanaopumua. Wanapungua kila msimu wa mvua.

Wala hili si jambo geni. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walisambaa vijijini kusini kuwauliza wazee habari za Majimaji, vita iliyopiganwa miaka 63 kabla. Hawakuwa na simu za kurekodi. Walikuwa na madaftari, miguu na unyenyekevu wa kukaa chini mbele ya mzee. Tunachokijua leo kuhusu Majimaji kutoka vinywani mwa waliopigana kimeokolewa kwa kazi ile. Zanzibar nako, studio aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930 imeutunza mji wake kwa picha, humohumo mjini, karibu na watu waliopigwa. Inawezekana, kwa sababu imeshawezekana.

Kwa hiyo nawataka wafuatao wasikie. Halmashauri za Kaliua, Urambo, Tabora na Kigoma Ujiji: chapisheni picha hizi kwa ukubwa wa meza, zipelekeni kwenye magulio, siku za mnada, zitandikwe kwenye turubai penye kivuli, na awepo kijana wa kurekodi. Gharama yake haifiki ya semina moja ya hotelini. Makumbusho ya Taifa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka: jina likipatikana liingizwe kwenye kumbukumbu rasmi, na lipelekwe Koblenz na Frankfurt liandikwe huko pia, kwa sababu picha isiyo na jina kule ni uongo unaoendelea kusambaa. Waliopendekeza njia ya misafara iwe urithi wa dunia mwaka 2006 walitaja vituo kama Bagamoyo, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji. Vizuri. Lakini majengo hayakutembea. Waliotembea ni watu, na njia bila watu wake ni mstari tu kwenye ramani. Walimu wa historia: acheni kuwapa watoto insha ya Berlin 1884 pekee. Wapeni picha moja na kazi moja, waende kwa bibi.

Na waandishi wenzangu, nasema nanyi kwa ukali zaidi, kwa sababu sisi ndio tunaolirudia kosa leo. Reli ya kisasa inajengwa kutoka Tabora kwenda Kigoma, kilomita 506, mkataba wake umetiwa saini Desemba 2022, na itapita mlemle walimopita wapagazi na vibarua wa 1914. Fungua gazeti. Kiongozi anakata utepe, jina lake lipo, cheo chake kipo, wa kulia kwake na wa kushoto kwake wametajwa. Nyuma yao wamesimama vijana wenye vizibao vya kung'aa na kofia ngumu, jasho likiwatoka. Maelezo yanasema "baadhi ya vibarua." Mjukuu wa yule kijana atakapoiona picha hiyo mwaka 2110, atasoma kile kile alichosoma mzee wa kibanda cha chai. Dobbertin alikuwa mgeni wa dola la kigeni. Wewe unaongea lugha moja na huyo kijana! Muulize jina. Inachukua nusu dakika.

Najua jibu linalokuja: watu wana njaa, malipo ya tumbaku yanachelewa, zahanati haina dawa, na huyu anatuletea habari za picha. Namheshimu anayesema hivyo kwa sababu naishi naye. Lakini nimuulize: kwa nini malipo ya mkulima huchelewa na ya mwenye kampuni hayachelewi? Kwa sababu mmoja ana jina mbele ya wenye maamuzi na mwingine ni namba kwenye robota. Nchi iliyozoea kumtazama mbebaji bila kumuuliza jina haioni aibu kumcheleweshea posho. Mambo haya ni mamoja. Anayedai jina la babu yake kwenye picha ya bandari anajifunza kudai jina lake mwenyewe kwenye mizani.

Nami nina deni. Nyumbani kwetu kuna picha ya marehemu baba, amepigwa studio Kigoma akiwa kijana, alipokuwa akifanya kazi ya kupakia mizigo bandarini. Nyuma yake pazia limechorwa meli kubwa yenye moshi. Pembeni yake amesimama kijana mwingine, wameshikana mikono, wamevaa mashati yanayofanana. Nikiwa mdogo niliiona kila siku ukutani, na sikuwahi kuuliza. Baba alipofariki niliitoa kwenye fremu. Nyuma kulikuwa na muhuri wa studio uliofifia, na namba: 417. Rafiki wa baba yangu, ambaye labda ndiye aliyemfundisha kubeba, labda ndiye aliyemuuguza, kwangu ni nusu ya namba 417. Shangazi ndiye aliyebaki. Wiki iliyofuata baada ya kibanda cha chai nilipanda baiskeli nikaenda kwake na picha ile ndani ya daftari. Aliitazama muda mrefu. Jina la kwanza alilikumbuka palepale. La baba yake kijana yule halikuja, akaniambia niende kwa mtu mwingine, Usinge. Nitakwenda.

Jina nililopata nimeshaliandika. Nawe toa picha zako, kwenye sanduku la chuma, chini ya godoro, nyuma ya kioo cha kabati. Geuza kila moja. Andika nani, wapi, mwaka gani, alikuwa akifanya kazi gani. Tumia penseli, usibonyeze kwa nguvu. Wino hupenya ukatokea usoni. Usipojua, usiache wazi: andika jina la anayeweza kujua, kisha uende kwake kabla mvua hazijaanza.